Najisi na Huruma

Hapa Msambweni tunafuata madhehebu ya Shafii: chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo naifuata. Lakini haikumruhusu mtu yeyote kumpiga mbwa mawe. Mbwa wangu niliyemtoa ufuoni Diani huburuta kichwa cha samaki hadi chini ya mkorosho, masikio yamelala, akiukazia macho mkono wangu. Basi nauacha mkono wazi juu ya paja, nasubiri. Bukhari amepokea hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake. Kwa hiyo kumzoesha mbwa huyu kwa binadamu asiyepiga nakuhesabu ibada, na bakuli lake hukaa nje, mbali na sufuria zangu.