SARAFU ILIYOPIGWA PATASI

Maandiko: Marko 12:13-17; 2 Wakorintho 13:5



Yesu alipoulizwa habari ya kodi, aliomba aletewe dinari. Akawauliza ile sura na yale maandishi ni ya nani. Wakajibu, ya Kaisari. Leo tuishike hiyo dinari mkononi tuiangalie vizuri, kwa sababu si kila sarafu yenye sura ya Kaisari ilitoka kwa Kaisari.

Dinari halali ya siku zile ilikuwa ya fedha, uzito wake chini kidogo ya gramu 4. Lakini mafundi wa kughushi walikuwepo. Walichukua kipande cha shaba, wakakivika ganda jembamba la fedha, wakakigonga chapa. Ukiipokea sokoni, inang'aa. Sura iko, maandishi yako. Kinachokosekana ni fedha ndani. Tayari mwaka 81 kabla ya Kristo mtawala Sulla alikuwa ametunga sheria ya kuwaadhibu waghushi, na bado kazi yao iliendelea.

Sasa watu waliijuaje? Kwanza, mizani. Shaba ni nyepesi kuliko fedha ya ukubwa uleule. Pili, maandishi. Mwigaji asiyejua Kilatini alikosea herufi, nyingine akaziandika kinyume. Tatu, mlio. Epictetus, mwanafalsafa wa karne ya kwanza, anaeleza kwamba mpima sarafu alitumia macho, mikono, pua, na mwisho masikio: aliitupa chini akasikiliza. Nne, muda. Ganda lilichakaa pale panaposuguliwa sana, na shaba ikaanza kuchungulia.

Lakini jaribio la kumaliza maneno lilikuwa patasi. Mvunja fedha aliikata kidogo. Ikiwa bandia, wekundu wa shaba ulionekana. Ikiwa halali, ilikuwa fedha mpaka ndani. Ndiyo sababu hata leo kuna dinari halali zenye kovu la patasi.

Mpendwa, Paulo anapowaambia Wakorintho wajijaribu wenyewe, anatumia lugha hiyohiyo. Neno lake la Kigiriki la aliyekataliwa, *adokimos*, lilitumika pia kwa madini na sarafu zilizopimwa zikashindwa.

Kuna mtu hapa patasi imempata. Kazi imeisha, ndoa inatikisika, au daktari amesema neno zito. Adui anakunong'onezea, "Ungekuwa wa Mungu kweli, haya yangekupata?" Mwambie, patasi ilipiga sarafu zote mbili! Kovu si ushahidi kwamba wewe ni bandia. Patasi haikuingiza shaba ndani ya mtu. Ilionyesha tu kilichokuwamo.

Na angalia, Paulo hakusema tumjaribu jirani. Usitoke hapa na patasi mkononi ukimtafuta dada wa kwaya. Anza na wewe. Jumapili sote tunang'aa. Tujiulize pale tunaposuguliwa: nyumbani jioni tukiwa tumechoka. Mama mboga unayemkwepa kwa sababu ya deni, angesema wewe ni sarafu gani? Kijana anayekufulia nguo, akiitwa hapa mbele atoe ushuhuda wako, utabaki umekaa?

Kama umeona wekundu wa shaba, usikate tamaa. Hapa ndipo mfano wa sarafu unaishia na neema inaanza. Mvunja fedha akipata shaba, hana la kufanya ila kuikataa. Mungu wetu akikuta moyo wa jiwe, katika Ezekieli 36:26 anaahidi kuuondoa na kuweka mwingine. Hapaki ganda jipya juu. Anabadilisha ndani.

Wiki hii, chagua mahali pamoja unaposuguliwa sana. Lipa lile deni, omba ule msamaha, kabla ya Jumapili.

Tuombe: Bwana, tupime. Palipo na ganda, uliondoe. Palipo na kovu, tufariji. Sura yako iwe ndani yetu kama ilivyo usoni. Katika jina la Yesu, Amina.