Futi 600 za nani?

Jumamosi moja vijana wangu waligombana kwa sababu ya magoli. Tulikuwa tunatengeneza uwanja na futikamba hatuna, basi nikasema tupime kwa hatua: saba huku, saba kule. Huku alipima kijana mrefu, kule mfupi. Goli moja likawa pana kuliko lingine.

"Hatua si ni saba? Shida iko wapi?" akauliza yule mrefu.

"Shida ni miguu yako!"

Usiku nikawaza neno ambalo sisi tuliotoka Kongo tunalisema kila siku: stade. Asili yake ni Kigiriki, stadion. Wagiriki wa kale waliita hivyo kipimo cha futi 600. Mbio za urefu huo nazo waliziita hivyo, na mahali pa kuzikimbilia pia. Neno moja, mambo matatu. Lakini futi haikuwa moja kila mahali. Njia ya mbio ya Olympia ina mita 192 hivi. Ya Delphi, 177 hivi. Kote ni futi 600, na hakuna aliyedanganya. Eratosthenes alikadiria mzunguko wa dunia kuwa stadia 250,000, na mpaka leo wataalamu wanabishana stadia yake ilikuwa na urefu gani.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia: mtu anaweza kusema kweli na bado akakudhulumu?

Mimi naona anaweza. Tulipofika kambini nilikuwa na miaka 14. Ofisini tuliambiwa, "Subirini kidogo." Sasa nina 25. Sisemi yule afisa alisema uongo. Kwa hesabu ya mafaili yaliyo mezani kwake, labda ni kidogo kweli. Kwa mama yangu, kidogo hicho kimeota mvi.

Utaniambia, basi tutumie mita, maneno yaishe. Sawa, kwa uwanja mita inatosha. Lakini subira haina mita. Heshima haina. Hata "msaada wa kutosha" hauna mita. Wa kutosha kwa tumbo la nani?

Jumapili vijana walimaliza ugomvi wenyewe. Walikata kamba moja, kila timu ikatoa mtu wa kushika ncha, wakapima magoli yote mawili. Urefu wa kamba ile haukuwa hatua saba za mtu yeyote. Lakini ilikuwa ya wote, na ilipimwa wote wakiona.

Nimejifunza hivi: haki haianzi na namba, inaanzia kwa nani ameshika kamba. Anayepimiwa asipopewa ncha yake, hata kipimo sahihi kinabaki ni amri tu. Kwa hiyo siku nyingine nikiambiwa "kidogo", nitauliza kwa adabu: kidogo ni miezi mingapi, na tunahesabu kuanzia lini?

Mechi ilichezwa. Timu ya yule mrefu ilifungwa tatu bila. Hakuna aliyelaumu goli.