Nauli ya Mgonjwa

Tangu serikali ya Tanzania ilipoanzisha uchangiaji wa gharama za matibabu mwaka 1993, sera imewasamehe wenye maradhi sugu malipo ya tiba. Lakini msamaha huo hukoma mlangoni pa hospitali, na mgonjwa wa Mjimwema, Songea, aendaye Peramiho, kwenye hospitali ya Wabenediktini, hutozwa nauli sawasawa na mzima, ilhali mwanafunzi hupunguziwa. Ni nani, basi, astahiliye kubebwa bure, na ni nani wa kumhukumu? Msamaria wa Injili alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake bila kudai hati. Lakini jeraha lile lilionekana, na hapo ndipo penye ishkali, kwa maana selimundu na kifafa ni maradhi yasiyo na alama usoni, na kondakta, ambaye naye jioni ana hesabu ya tajiri wake, si tabibu. Sharia ya Kiislamu, impapo mgonjwa ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani, humwachia sehemu kubwa ya hukumu hiyo yeye na Mola wake. Nami naona ni afadhali walaghai wachache wapande bure kuliko mhitaji mmoja kulazimishwa kuungama maradhi yake mbele ya abiria; na hasara hiyo ibebwe na hazina ya umma, si mwenye gari.