Wajibu wa Asiye na Zamu

Katika mpira wa miguu, anayeshambuliwa ana haki ya kukaba, kuziba njia na hata kumhadaa mshambuliaji, wala hapana anayemlaumu, kwa kuwa kuzuia ni kazi aliyopewa na kanuni zenyewe. Katika mchezo wa pool hali ni tofauti kabisa, kwani mmoja anapoinama mezani mwenzake hana kazi yoyote. Silaha pekee iliyobaki mikononi mwake ni jinsi alivyoiacha mipira alipomaliza zamu yake, ama ameuficha mpira mweupe nyuma ya mingine, ama ameuacha wazi kwa uzembe. Ndipo linapozuka swali lenye kina kuliko adabu ya kawaida, yaani mtu asiye na zamu anadaiwa nini na mwenzake, na deni hilo linatoka wapi.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, aliueleza mchezo kuwa ni shughuli ambayo watu hujiwekea vikwazo kwa hiari yao, kwa sababu tu vikwazo hivyo ndivyo vinavyouwezesha mchezo kuwapo. Mpira ungeweza kutumbukizwa shimoni kwa mkono, lakini wachezaji wamekubaliana kutumia fimbo, na hivyo kupambana na umbali, pembe, msuguano wa kitambaa na mtetemo wa mikono yao wenyewe. Anayekohoa kwa makusudi wakati mwenzake anapiga huongeza kikwazo ambacho hakikuwamo katika makubaliano hayo, na kwa mtazamo huu hawezi kusemwa kwamba amecheza vibaya, bali kwamba kwa muda ule ameacha kucheza.

Hata hivyo, si kelele yenyewe iliyo kosa. Katika Mosconi Cup, mashindano yaliyoanza mwaka 1994 na ambayo hukutanisha timu za Ulaya na Marekani, watazamaji huimba na kupiga mayowe, na kila mchezaji huingia ukumbini akilijua hilo. Katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, ambako ubingwa wa dunia wa snuka, mchezo ulio ndugu wa pool, umekuwa ukichezwa tangu mwaka 1977, kimya hutawala. Lakini kwa kuwa meza mbili hutenganishwa na kizuizi tu hadi kabla ya nusu fainali, makofi ya upande mmoja huweza kumshtua anayepiga upande wa pili, na hakuna anayeshtakiwa. Muziki wa baa nao, uwe wa Dar es Salaam au wa Nairobi, huwaangukia wote wawili sawasawa.

Kinachobaki, basi, ni nia, ambayo fikihi ya Kiislamu huiita niya na kuifanya kipimo cha matendo. Kanuni za shirikisho la pool duniani nazo huhesabu mwenendo usio wa kimichezo, ukiwamo wa kumvuruga mpinzani, kuwa ni tendo la kukusudia. Ugumu ni kwamba nia haionekani. Mpigaji ameinama, kidevu kikikaribia kugusa fimbo, jicho likifuata mstari kutoka mpira mweupe hadi mpira unaolengwa na shimo lililo nyuma yake. Mpinzani aliyesimama nyuma ya shimo hilohilo anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, hasa pale fimbo inaporudishwa nyuma kwa mara ya mwisho. Hakutamka neno, na akiulizwa atasema amechoka kusimama. Ndiyo maana kanuni za snuka haziulizi nia, bali humtaka asiyepiga asisimame wala kusogea katika upeo wa macho ya mpigaji.

Gumu zaidi ni sifa. Mpinzani anayesema, kwa sauti ya upole, kwamba leo mkono wa mwenzake umenyooka ajabu, humfanya auangalie mkono ambao ulikuwa ukifanya kazi vizuri bila kuangaliwa. Hapana mwamuzi atakayeita maneno hayo faulo, ingawa kimaadili ni mazito kuliko kikohozi, kwa kuwa yamevaa vazi la wema.

Wala mpigaji hakuachwa huru. Anayeinuka mezani mara kwa mara na kumkazia macho mwenzake aliyetulia kitini, akidai amevurugwa, naye hutumia kanuni ya ukimya kama fimbo ya pili, na mwenzake, ambaye hawezi kuthibitisha kwamba hakufanya kitu, atarudi mezani akiwa tayari amevurugika.