Kivukoni

Jumatatu jioni binti mmoja wa usharika wetu alikuja nyumbani kuombewa. Alikuwa na bahasha ya kaki, ameikumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na vyeti vyake vya uuguzi, na Alhamisi alikuwa anaitwa kwenye usaili. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza anaogopa nini, maana kazi anaijua. Amejitolea wodini miaka miwili. Akainama. "Baba Mchungaji, maswali nayajua. Ila wakiniuliza kwa ung'eng'e, ulimi unakufa ganzi."

Nilitaka kumtajia Musa na ulimi wake mzito, kama tufanyavyo sisi wachungaji kila mtu akija na shida ya namna hii. Nikajizuia. Binti huyu hana ulimi mzito. Nimewahi kumsikia akimbembeleza bibi mmoja ameze dawa, na maneno yalimtoka laini kama maji ya mtungini.

Njia aliyopita ndiyo tuliyopita wengi wetu Tanzania. Tangu 1967 shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Ukifika kidato cha kwanza unakuta hata mbegu ya haragwe ina jina jingine, la Kiingereza. Unakariri, unafaulu, unapata cheti. Kuongea kunabaki nyuma, kwa sababu aliyethubutu kuongea alichekwa.

Mimi nilichekwa. Nikiwa kidato cha kwanza niliitwa mbele ya paredi niongoze sala. Kwetu r na l ni mapacha, hatuwatofautishi. Nikakusudia kusema kwa Kiingereza "tuombe", likatoka lile la "tucheze". Paredi nzima ikaangua kicheko, na mwalimu wa zamu akacheka mpaka akafuta machozi. Tangu siku hiyo nimeoa, nimezika wazazi, nimehubiri hata mbele ya wageni kutoka ng'ambo. Lakini mpaka leo nikilikaribia neno lile, magoti yanakumbuka.

Je, nawe unalo neno la namna hiyo?

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi, baada ya kuwashinda Waefraimu vitani, walivishika vivuko vya Yordani. Kila mkimbizi wa Efraimu aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke Shibolethi. Lilikuwa neno la kawaida kabisa, la shambani, suke la nafaka. Waefraimu hawakuiweza hiyo "sh". Walisema Sibolethi, na palepale wakachinjwa. Vita hivyo viliondoka na Waefraimu 42,000. Kinachonihuzunisha zaidi ya idadi ni kwamba waliotega masikio pale kivukoni hawakuwa wageni. Wote walikuwa wana wa Israeli, ndugu kwa ndugu.

Ndivyo kilivyo Kiingereza chetu. Mgeni mwenye lugha yake, ukikosea, mara nyingi anakungoja umalize, mnaelewana, mnaendelea. Anayeguna na kumkonyeza jirani ni ndugu yako mliyekaa naye dawati moja.

Na hapa sina budi kuungama. Miaka michache iliyopita niliketi kwenye jopo la kumtafuta mtunza stoo wa kituo chetu cha watoto. Usaili tuliufanya kwa Kiingereza, sijui kwa nini, maana magunia ya mchele yanahesabika vizuri tu kwa Kiswahili. Kijana mmoja akachanganya nyakati, ikawa kama amesema "jana nitakwenda". Nikatabasamu, nikamtupia jicho mwenzangu. Kijana aliona. Sauti yake ikashuka, na majibu yaliyofuata yakawa ya neno mojamoja. Hatukumchukua. Nikiwa kwenye daladala kurudi nyumbani ndipo nilipojiona nimesimama kivukoni na upanga mkononi, mimi yuleyule wa "tucheze". Jioni ile nilimsamehe mwalimu wangu wa zamu, nadhani kwa mara ya kwanza kwa dhati. Huenda naye alikuwa na neno lake. Kijana yule sijamwona tena nimwombe radhi.

Kwa hiyo binti alipokuja hatukuanza na maombi, tulianza na meza. Mama Mchungaji alivaa miwani, akaketi upande wa pili, akawa msaili. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, dakika ishirini kila jioni. Tulimkataza kukariri wasifu wake wote kama kasuku, kwa sababu uzi wa shanga ukikatika mahali pamoja zote zinamwagika. Aseme sentensi fupi. Asiposikia swali, aombe lirudiwe. Akikosea, arekebishe na kuendelea, asijitetee kama aliyevunja sahani ya wenyewe. Jioni ya kwanza alinong'ona tu. Jumatano akaelezea habari za yule bibi na dawa zake, kwa Kiingereza kilichokuwa kikichechemea lakini kinatembea, na Mama Mchungaji akasahau kwamba yeye ni msaili. Akauliza kwa Kiswahili, "Sasa bibi wa watu alipona?"

Hapo ndipo tulipoomba. Sikumwomba Mungu ampe Kiingereza kwa usiku mmoja. Niliwaombea wale watakaokaa upande wa pili wa meza, wawe na subira. Wewe unayesoma, umewahi kuwaombea hao?

Alhamisi, baada ya usaili, alipita kutuaga kabla ya kwenda kwao. Swali la tatu lilimpotea, akaomba lirudiwe. Mmoja wa jopo akatazama saa. Mwingine akalirudia polepole, akamtikisia kichwa aendelee. Majibu ya usaili bado hayajatoka. Jumatatu atakuja tena kwa zoezi, na Mama Mchungaji ameshapanga kwamba safari hii kiti cha msailiwa nikalie mimi, na nifungue kwa sala, kwa Kiingereza.