Mwandikie Mtu Mmoja

 Asubuhi hii nina neno na wasikilizaji wa Bujonde na Kyela nzima wanaotaka kuandika vizuri zaidi.

Mshairi Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Kuanzia 1931 hadi 1958 alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua hizo zilikuja kuwa kitabu miaka mingi baada ya kifo cha Shaaban. Tunamsifu kwa mashairi, lakini mimi naamini barua zile nazo zilimnoa. Anayemwandikia ndugu hana pa kujificha nyuma ya maneno makubwa.

Basi leo mwandikie shangazi yako aliyeko Mbeya. Usiishie kusema mvua ni kubwa. Mweleze maji yamefika wapi shambani kwenye mpunga, kakao mmeianika wapi, nani kahamia kwa jirani. Kisha isome barua hiyo kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, kata. Wanafunzi, hata insha ya mtihani husomeka hivyo, japo kimoyomoyo!

Halafu mpe mwenzako barua yako aisome, nawe unyamaze. Akiuliza ulimaanisha nini, usimfafanulie kwa mdomo. Iandike upya sentensi hiyo.