Kutetea

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachonifikirisha kila nimsikiapo kuku anayetaka kutaga. Tunasema kuku anatetea. Tunasema pia kwamba wakili anamtetea mteja wake, na mama anamtetea mwanawe. Huenda wanaisimu wakaniambia kuwa maana hizo mbili zimekutana kwa bahati tu. Lakini sikio langu limekataa kuzitenganisha, hasa tangu nilipowasikia Mary Jane na Carolyn DeZurik, ndugu wawili wa Marekani waliopata jina kwa kutetea kama kuku mbele ya maikrofoni.

Mary Jane alizaliwa mwaka 1917, Carolyn mwaka 1918, wakakulia shambani karibu na mji mdogo wa Royalton, jimbo la Minnesota. Muziki ulikuwemo nyumbani, ila walimu wao wengine walikuwa mitini na bandani. Waliwasikiliza ndege na kuku mpaka wakaweza kuwaitikia. Sauti hizo wakazichanganya na yodeli, uimbaji wa kurusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi kichwani na kuirudisha, ambao unajulikana sana katika milima ya Alps, na ambao Wambuti wa msitu wa Ituri huko Kongo nao wana namna yao. Katika muziki wa kantri, aliyeipa yodeli umaarufu ni Jimmie Rodgers, kwa santuri zake zilizoanza kutoka mwaka 1927. Mabinti wa Royalton waliipokea, wakaiendesha kasi, wakaipachika mlio wa ndege hapa na wa kuku pale.

Mwaka 1936 waliajiriwa na kituo cha redio cha WLS, Chicago, katika kipindi cha Jumamosi usiku kilichoitwa National Barn Dance. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Hawa waliwika, tena kwa sauti ileile waliyotoka nayo shambani.

Hapo ndipo tafakuri yangu inapoanzia. Yodeli haina neno. Ukiitafuta maana yake katika kamusi utarudi mikono mitupu. Je, sauti isiyosema kitu inaweza kubeba maana?

Tuiangalie kwa karibu. Kila koo la mwanadamu lina mahali ambapo sauti nzito inakoma na nyembamba inaanza. Katikati yake pana ufa. Waimbaji wengi husomeshwa kwa miaka wauzibe, ili msikilizaji asijue sauti ilipovukia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyolelewa. Mwimba yodeli anafanya kinyume: anauacha ufa wazi, anauruka mbele ya watu, anarudi, anauruka tena. Pale ambapo wengine wanaona aibu ndipo anapoweka ufundi wake.

Kwa mtu mmoja hilo ni gumu. Ndugu wa DeZurik walilifanya wakiwa wawili, kwa kupatanisha sauti, kila mmoja akivuka ufa wake katika nukta moja na mwenzake. Ukiwasikiliza katika wimbo wao “Arizona Yodeler”, hutajua kwa urahisi nani amepumua lini. Ulinganifu wa namna hiyo unatoka mbali zaidi ya mazoezi. Unatoka katika kulala chumba kimoja, kuchoka kazi moja, kumjua mwenzako kabla hajafungua kinywa. Kwa hiyo maana ya kwanza niliyoipata katika sauti ile isiyo na neno ni hii: watu wawili wamesikilizana maisha yao yote, na usikivu huo sasa unasikika.

Maana ya pili ilinijia kutoka mahali nisipopategemea, yaani sokoni. Kati ya mwaka 1937 na 1941 waliimba katika Checkerboard Time, kipindi cha redio kilichodhaminiwa na kampuni ya Purina, wauzaji wa chakula cha mifugo na kuku. Humo waliitwa Cackle Sisters, Dada Wanaotetea. Yuko atakayesema kwamba sanaa hapo ilishuka hadhi, ikawa tangazo la pumba. Mimi namfikiria mkulima wa miaka ile, ambaye mdororo wa uchumi na ukame vilikuwa vimemwandama muongo mzima. Sauti za uani mwake, zile alizozoea kuzidharau, zinamrudia kupitia redio zikiwa zimefanywa muziki. Kuna aliyeona kwamba maisha yake yanastahili kuimbwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba waliokuwa wakitetea kama kuku walikuwa pia wakimtetea mtu.

Walifika hata Grand Ole Opry, kipindi mashuhuri cha kantri cha Nashville, katika miaka ya 1940, wakawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kung’ara katika majukwaa yote mawili makubwa ya kantri, hilo na lile la National Barn Dance. Pamoja na hayo yote, santuri walizotoa kwa ajili ya kuuzwa zilibeba nyimbo sita tu, zote zikirekodiwa mwaka 1938 kwa lebo ya Vocalion. Baadhi ya vipindi vya redio vimehifadhiwa. Jumamosi nyingine nyingi zilipita hewani zikaisha.

Tunaishi katika zama zinazopima thamani ya kazi kwa kile kilichohifadhiwa. Kwa kipimo hicho nyimbo sita ni urithi wa kimaskini. Lakini chakula kilicholiwa na kumshibisha mtu hakikupotea, ingawa sahani ni tupu. Sauti iliyomchangamsha mtu aliyechoka imekwisha kufanya kazi yake.

Na sauti haina mpaka tunaoweza kuuchora. Mwaka 1950, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipokuwa akirekodi muziki katika nchi ya Wakipsigis huko Kericho, Kenya, aliwakuta wasichana wakimwimba Chemirocha. Jina hilo lilikuwa ni Jimmie Rodgers, likiwa limetamkwa Kikipsigis. Santuri zake zilikuwa zimefika huko, na kwa maelezo ya Tracey, wasichana wale walimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu swala, wakimkaribisha acheze. Hawakuhitaji Kiingereza. Walisikiliza, wakaongeza cha kwao, na wimbo mpya ukazaliwa. Walifanya kilekile walichofanya mabinti wa Royalton kwa ndege wao.

Ndiyo sababu naamini maana huanzia sikioni. Neno huja baadaye, na wakati mwingine haliji kabisa, na hapana kilichopungua.

Mary Jane alifariki mwaka 1981, Carolyn mwaka 2009. Nawe msomaji, huenda nyumbani kwako yuko bibi anayebembeleza mtoto kwa mlio usio na maneno, au kijana anayewaita mbuzi kwa sauti aliyorithi kwa babu yake. Usione haya kwa sababu ni sauti ya shamba. Isikilize, uijifunze, uitoe mbele za watu bila kuziba ufa wake. Huko nako ni kutetea.